Jengo Linalompokea Mtoto

Mtoto aliyetengwa na wazazi wake huingia katika makao mapya akiwa na hofu. Je, kuta na milango vyaweza kuipunguza hofu hiyo? Swali hilo lilimkabili msanifu majengo Aldo van Eyck alipopewa kazi ya kubuni makao ya watoto ya mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi, yaliyokamilika mwaka 1960.

Makao hayo yalikusudiwa watoto wapatao 125, tangu wachanga hadi vijana. Badala ya bweni moja kubwa, yalijengwa kwa makundi manane ya umri, kila kundi na nyumba yake na uwanja wake. Nyumba hizo ziliunganishwa kwa njia ya ndani inayopindapinda kama uchochoro wa mtaa, na kuezekwa kwa kuba ndogo za saruji, kila moja ikifunika mraba wenye upande wa meta 3.36.

Sababu yake ni dhahiri. Jicho la mtoto li chini kuliko la mtu mzima, na hatua yake ni fupi. Ukumbi mpana humfanya ajione amepotea. Chumba kidogo humwonyesha mipaka yake, na mlango unaotanguliwa na kibaraza humpa nafasi ya kusita, kutazama, kisha kuingia kwa hiari.

Watoto hawaishi tena humo, na katika miaka ya 1980 jengo lilinusurika kubomolewa. Hata hivyo fundisho lake limebaki: abuniye kituo cha watoto na jamaa zao hana budi kuanza na vipimo vya mtoto mwenyewe, kabla ya kuchora ofisi ya msimamizi.