Je, Wajua? Kachumbari ya Mtwara ina ndugu Italia

Kachumbari tunayokula Mtwara kando ya samaki wa kuchoma ina ndugu yake Toscana, Italia. Wakati wa joto, watu wa huko huchanganya nyanya mbivu, vitunguu, mkate uliokauka, majani ya mrehani, siki na mafuta ya zeituni, na mchanganyiko huo huuita panzanella. Nyanya ni mgeni kote kuwili: asili yake Amerika.

Utamu wa kachumbari uko kwenye kitunguu. Kikate vipande vyembamba, kifikiche kwa chumvi mpaka kilegee, kisha kisuuze. Ukali unaochoma pua huondoka na maji. Nyanya usiiweke kwenye friji, baridi huua harufu yake. Itie chumvi wakati wa kupakua tu, maana chumvi huvuta maji, na bakuli hugeuka mchuzi.