Fundi, usijaribu kwa roho yako!

Je, wewe ni yule kijana wa Mikese anayefungua redio mbovu ili aone kuna nini ndani? Safi sana, ufundi huanza hivyo hivyo. Lakini wapo wanaong'oa transfoma ya maikrowevu ili wapate cheche ndefu au watengeneze mashine ya kuchomelea. Hapo, rafiki, si mchezo tena.

Volti na ampea
Fikiria bomba la maji. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa maji yanayopita. Kinachoua ni umeme unaopita mwilini, hasa kifuani. Globu ya wati 60 hutumia kiasi cha miliampea 260. Moyo unaweza kuvurugika kwa miliampea 100, hata pungufu: unatetemeka badala ya kudunda. Jasho na miguu peku huurahisishia umeme njia.

"Mbona nimeshachomoa?"
Transfoma ya maikrowevu hutoa volti 2,000 hivi, na kapasita yake inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. TV za kichogo hufika volti 20,000 na zaidi.

Betri ya gari je? Volti 12 hazikurushi. Lakini spana ikigusa vichwa vyote viwili, hupita mamia ya ampea: spana inakuunguza, na cheche inaweza kulipua gesi ya betri usoni pako.

Tangu Juni 2024 treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Waya wao wa juu una volti 25,000. Si lazima uuguse. Ukiusogelea tu, umeme unaweza kukurukia. Usirushe kitu pale, usipande nguzo.

Mwenzio akinaswa
Usimshike! Zima swichi kuu kwanza. Kama ni waya mkubwa wa nje, kaa mbali na uite TANESCO. Umeme ukishazimwa na hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada. Hata akizinduka, mpeleke hospitali: umeme huunguza ndani kuliko unavyoonekana nje.

Unataka kujua zaidi?
Anza na betri za redio na globu ya tochi. Kaa na fundi mzoefu, au ulizia mafunzo VETA Kihonda, Morogoro. Na usifanye kazi ya umeme peke yako, maana ukinaswa, nani atazima swichi?