Kijana Amekataa Koti: Tuogope Nini?



Hapa Maruku mvua haingoji jioni. Mara nyingi hutoka ziwani alfajiri, pamoja na upepo na radi. Hufika vijijini saa ile ile watoto wetu wanapokwenda shule. Mama anasimama mlangoni ameshika sweta. Kijana wake wa miaka 14 anasema, "Sisikii baridi." Anainamisha kichwa, anapita katikati ya migomba, anakwenda zake. Mama anabaki na sweta mkononi na hofu moyoni.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Liko Njombe na Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huweza kuganda juu ya majani. Liko Ulaya na Marekani, ambako theluji huanguka. Huko nako wazazi wanalalamika kwamba vijana hawataki koti.

Mimi ni mganga wa zahanati, na umri wangu bado ni wa ujana. Kwa hiyo wazazi nawasikia, na vijana nawaelewa. Leo tuulizane maswali matatu. Kwa nini kijana anakataa nguo ya baridi? Je, ni kweli kwamba baridi huleta homa? Na ni nani hasa anayeumizwa na baridi? Mwisho tutaona la kufanya.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI?

Baridi ya hapa si kali kama ya Ulaya. Usiku joto hushuka mpaka nyuzi 16 au 17 hivi. Lakini baridi yetu ni ya maji. Ukanda huu wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha migomba, kahawa na chai. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayowalowesha watoto njiani.

Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa kavu. Jaribu wewe mwenyewe. Lowesha mkono mmoja, na mwingine uache mkavu. Kisha simama penye upepo. Mkono upi unasikia baridi kwanza? Ni ule wenye maji. Basi adui wetu wa kwanza si kukosa koti. Adui ni kulowa, halafu kukaa na nguo mbichi.

KWA NINI KIJANA ANAKATAA?

Tusiseme haraka kwamba ni kiburi. Tuangalie sababu moja moja.

Sababu ya kwanza ni joto la mwili wake. Mtu anayetembea hutengeneza joto katika misuli yake. Kijana anayepanda kilima kwenda shule huchemka kweli. Akivaa sweta nzito atatoka jasho, na sweta italowa kwa ndani. Kwa hiyo akisema hasikii baridi, pengine anasema kweli. Lakini ni kweli ya njiani tu. Akifika darasani akakaa kwenye dawati bila kusogea, joto lile hupungua. Hapo ndipo baridi inapomkuta.

Sababu ya pili ni aibu. Wazee wetu huvaa koti juu ya kanzu, nalo ni vazi la heshima. Lakini kijana akipewa koti la baba yake, mikono ikafunika vidole, wenzake watamcheka. Kwa mtu mzima kicheko ni kitu kidogo. Kwa kijana wa miaka 14 kicheko ni kikubwa kuliko mvua.

Sababu ya tatu ni sweta yenyewe. Ililowa jana, na jua halikutoka. Asubuhi bado ni mbichi na inanuka moshi. Nani apende kuivaa?

Sababu ya nne haisemwi. Kijana hana sweta, au sweta ni moja nyumbani na mdogo wake anaihitaji. Anajua kahawa haijauzwa. Anajua mama hana fedha. Basi anasema, "Sisikii baridi," ili mama asione uchungu. Wazazi wangu, kabla ya kumgombeza kijana, chunguzeni kama maneno yake si huruma.

JE, BARIDI HULETA HOMA?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Nisome kwa makini.

Mafua huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinatoka kwa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Baridi inaweza kuipunguzia pua nguvu ya kujilinda. Lakini pasipo vijidudu hapana mafua. Wakati wa mvua tunafunga madirisha na kusongamana ndani. Hapo vijidudu huhama upesi kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Malaria haitokani na baridi hata kidogo. Malaria huletwa na mbu aina ya anofelesi. Wazee waliohudhuria vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 walifundishwa hivyo. Na Mkoa wetu wa Kagera ni mmoja wa mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Sasa angalia jinsi watu wanavyojidanganya. Kijana amekataa koti siku ya Jumatatu. Siku ya Jumatano anatetemeka. Mama anasema, "Si nilikuambia? Baridi imekuingia." Anamfunika blanketi mbili. Anampa chai ya tangawizi. Alhamisi inapita. Ijumaa kijana hajitambui. Kumbe yale hayakuwa matetemeko ya baridi ya nje. Yalikuwa matetemeko ya homa, na homa ilikuwa malaria. Koti halikuwa na kosa, wala kijana hakuwa na kosa. Kosa ni zile siku mbili za kungoja.

Utatofautishaje? Mtu aliyepata baridi ya mvua, ukimkausha na kumpa nguo kavu na kinywaji cha moto, kutetemeka huisha baada ya muda mfupi. Mwenye homa hutetemeka hata akiwa mkavu chini ya blanketi. Shika shingo yake na kifua chake. Ukikuta mwili unachemka, usingoje kesho. Mpeleke zahanati apimwe. Kipimo cha malaria ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20 hivi. Kama si malaria, mganga atatafuta sababu nyingine.

Sisi wa Maruku tunalo somo lingine. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa nchini kwa mara ya kwanza. Ulikuwa hapa hapa wilayani Bukoba, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Wagonjwa 9 walihesabiwa, na 6 kati yao walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Ugonjwa ule nao huanza kwa homa, kusikia baridi, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Mtu akisema "ni baridi tu," anaweza kuuficha ugonjwa mkubwa ndani ya nyumba yake. Koti halizuii Marburg, wala halizuii malaria. Kinachookoa ni kwenda mapema kwa mganga.

NANI ANAUMIZWA NA BARIDI?

Nimesema baridi haileti malaria. Sikusema baridi haina madhara. Wapo watu ambao kwao nguo kavu na yenye joto ni kama dawa.

Wa kwanza ni mwenye selimundu. Tanzania ni moja ya nchi duniani zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi. Mtoto huurithi kwa baba na mama. Haumwambukizi mtu. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Baridi ikiingia, mishipa ya damu hujibana. Chembe zile hukwama njiani, na damu haipiti vizuri. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Kijana wa namna hii asilowe, asioge maji ya baridi sana, na anywe maji ya kutosha. Kama mtoto wako huumwa mifupa mara kwa mara, macho yakawa ya manjano na damu ikapungua, omba apimwe selimundu.

Wa pili ni mwenye pumu. Hewa ya baridi huweza kuibana njia yake ya kupumua. Afunike pua na mdomo kwa kitambaa asubuhi. Asikae penye moshi wa kuni. Asiache dawa yake nyumbani.

Wa tatu ni mtoto mchanga na mzee sana. Miili yao haiwezi kulinda joto vizuri.

Wa nne ni kijana anayekwenda ziwani usiku kuvua dagaa. Huyu hulowa, hupigwa na upepo, na hukaa saa nyingi bila kukauka. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35 ni hatari. Mtu hutetemeka sana, kisha maneno yake hupotea, mikono haishiki, anasinzia. Kutetemeka kukikoma naye amelegea, usidhani amepona. Hali imekuwa mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike, mkumbatie, na mkimbize kwa mganga. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe uji au chai ya moto yenye sukari.

Usimpe pombe. Rubisi na gongo haviongezi joto. Pombe hufungua mishipa ya damu ya ngozi. Mtu husikia moto juu ya ngozi, kumbe joto la ndani linatoka nje.

Tena nawaonya juu ya jiko la mkaa. Usiliingize chumbani mkafunga mlango na dirisha ili mpate joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala, wasiamke tena. Afadhali blanketi moja ya watu watatu kuliko jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, acha ugomvi wa mlangoni. Mwambie kijana, "Usiivae, ichukue." Sweta ikae ndani ya mfuko wake, isilowe. Atembee na shati lake. Akifika shule ajikaushe, ndipo avae. Hapo mama ameridhika, na kijana hakuchekwa.

Pili, zuia maji. Mwavuli ni mzuri. Asiye na mwavuli atumie kipande cha turubai, au jani la mgomba kama babu zetu walivyofanya. Radi ikipiga, asisimame chini ya mti peke yake wala asipite rweya palipo wazi. Aingie nyumba ya jirani angoje. Kuchelewa shule si kufa.

Tatu, nguo mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito. Kati ya nguo na nguo hukaa hewa, na hewa hiyo hulinda joto. Tena mtu akisikia joto huvua moja. Nguo ya sufu huendelea kutia joto kidogo hata ikilowa. Nguo ya pamba ikilowa huchukua joto la mwili.

Nne, ukienda mnadani kununua mtumba, nenda na kijana wako. Achague mwenyewe kwa fedha mliyo nayo. Nguo aliyoichagua ataivaa.

Tano, funga kamba ya kuanikia nguo chini ya paa, mbali na moshi. Sweta iliyolowa leo ianikwe leo.

Sita, walimu na kamati za shule waangalie watoto waliolowa. Asiye na sweta asifukuzwe wala asiaibishwe kwa sababu ya sweta ya rangi nyingine.

Saba, homa ni homa. Kuna mvua au kuna jua, mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na kila mtu alale ndani ya chandarua, kijana naye.

Na wewe kijana unayewasomea wazazi wako ukurasa huu, nakuomba jambo moja. Ukisikia baridi, sema. Ukitetemeka usiku, mwamshe mama. Usinyamaze kwa kuogopa kuambiwa, "Si nilikuambia?" Nanyi wazazi, siku hiyo msiseme neno hilo. Chukueni kandili, mfungue mlango, mwanzeni safari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja sababu nne zinazomfanya kijana akatae sweta. Ipi iko nyumbani kwako?
2. Malaria huletwa na nini? Je, koti linaweza kuizuia?
3. Utamjuaje mtu anayetetemeka kwa mvua na anayetetemeka kwa homa?
4. Kwa nini mwenye selimundu asilowe?
5. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa?
6. Kijiji chetu kifanye nini kwa watoto wasio na sweta?