Kompyuta inachelewa kuwaka? Pima kwanza kabla ya kumlipa fundi

Kila mwaka ifikapo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru wa mapato kupitia iTax, kuna mkazi aliyeketi mbele ya kompyuta saa nne usiku akitazama vidoa vikizunguka kwenye skrini. Stima ipo, intaneti ipo, nambari ya siri anaikumbuka. Kompyuta ndiyo haijawaka. Mzazi anayejaza fomu ya basari siku ya mwisho anayajua haya, na vilevile mfanyabiashara mwenye stakabadhi za zabuni ndani ya mashine.

Wengi huamua kwamba mashine imezeeka, au humpelekea fundi ambaye neno lake la kwanza ni "tuifomati". Kufomati hufuta faili zako. Kabla ya kufika huko, chukua simu, fungua saa ya kupima muda, na upime mara mbili: kwanza, tangu ubonyeze kitufe cha kuwasha hadi ukurasa wa nambari ya siri, pili, tangu uweke nambari hiyo hadi uweze kufungua faili. Maelezo haya ni ya kompyuta za Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo wengi wetu tunazo.

Ikiwa kipindi cha pili ndicho kirefu, shuku programu zinazojianzisha zenyewe. Programu ya mikutano ya video, ya muziki, ya printa, kila moja ikishawekwa hupenda kujiandikisha ili iwake pamoja na mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, kisha uende sehemu ya Startup. Programu zilizoandikwa High ndizo zinazokuchelewesha zaidi. Ibonyeze usiyoihitaji kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Disable. Haifutiki, itangoja hadi uifungue mwenyewe. Usiguse ya kukinga virusi wala usiyoijua kazi yake. Ila ukikuta programu mbili za kukinga virusi, baki na moja, kwa sababu zote zinakagua faili zilezile.

Jambo jingine huwashangaza watu: kuzima kompyuta kwa Shut down si lazima kuwe kuanza upya. Mara nyingi Windows huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iamke haraka, na kasoro ya jana huweza kuamka nayo. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Itumie angalau mara moja kwa wiki.

Kipindi cha kwanza kikiwa kirefu, anza na rahisi. Chomoa flashi, kadi ya simu na diski ya nje. Baadhi ya mashine huzikagua kwanza kabla ya kuendelea. Tazama pia saa na tarehe. Zikirudi nyuma kila unapowasha, huenda betri ndogo ya ndani, mara nyingi ya duara kama sarafu, imekwisha. Mbali na kuchelewesha, tarehe mbaya hufanya tovuti salama, ikiwemo ya ushuru, zikatae kufunguka. Nyingi ya betri hizo si ghali.

Kisha diski, na hapa tusiharakishe. Kompyuta nyingi za miaka iliyopita, vikiwemo vipakatalishi vinavyoletwa vikiwa vimetumika ng'ambo, zina diski ya kuzunguka, ambayo kisomeo chake hulazimika kusogea huku na huku kutafuta kila faili. Kuwaka kwa Windows ni kusoma maelfu ya faili ndogo, kazi ambayo diski hiyo haiiwezi vizuri. Katika Task Manager, fungua Performance, kisha Disk. Ukiona HDD, na matumizi yamekwama kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwasha, umempata mchawi. Kuweka diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hubadilisha mashine kuliko jambo jingine lolote, na kwa vipakatalishi vingi huingia palepale ilipokuwa ya zamani. Kwa maoni yangu, hilo ndilo la kutumia pesa kabla ya kufikiria kompyuta mpya.

Lakini kama uzito umekuja ghafla, diski inagonga au kukwaruza, au faili zinakataa kufunguka, acha mengine yote. Hizo ni dalili za diski inayokufa. Usifomati, wala usianze kuikagua kwa programu. Ukaguzi mrefu unaweza kuimaliza. Nakili kwanza kwenye flashi vitu usivyoweza kuvipata tena: daftari la chama, picha, vyeti, hesabu za duka. Ikigoma kuwaka kabisa, mwambie fundi kabla hajagusa chochote kwamba unataka faili kwanza.

Na iwapo mstari wa diski ya C umekuwa mwekundu, nafasi iliyobaki ni chini ya asilimia 10. Hamisha video.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhamia Windows 11 ni suala la usalama. Hakutaifanya mashine yenye diski ya kuzunguka iwake haraka.

Ukibadilishiwa diski, dai ile ya zamani urudi nayo nyumbani. Ina nakala ya kitambulisho chako, nambari zako za siri na stakabadhi za familia, hata kama fundi amekuambia ameifuta.