Matayarisho ya Msafiri Aendaye Indonesia: Upande wa Lugha

Msafiri atokaye Kongo kwenda Indonesia hutayarisha kwanza hati zake: viza, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na pasipoti ambayo muda wake haujapungua miezi 6. Tayarisho lisahauliwalo ni lugha.

Kiindonesia huandikwa kwa herufi za Kilatini, nacho, kama Kiswahili, kimekopa maneno mengi ya Kiarabu. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hutambua upesi «kabar» (habari), «waktu» (wakati), «kertas» (karatasi) na «sabun» (sabuni).

Hata hivyo, ufanano huweza kupotosha. «Dua» si maombi, bali ni namba 2. Maombi ndiyo «doa», neno ambalo kwa Kiswahili ni waa. Tena saa huhesabiwa tangu katikati ya usiku: «jam tujuh pagi», yaani saa ya 7, ni saa moja asubuhi.

Zaidi ya hayo, maneno ya dharura hayatokani na Kiarabu: «sakit» (mgonjwa), «obat» (dawa), «tolong» (nisaidie). Hayo hayakisiwi, sharti yakaririwe kabla ya kufunga mizigo.