Nani Abaki wa Mwisho? Namna ya Kugawa Watoto Katika Timu za Mpira Kambini



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, vipande na mikataba. Leo naomba niandike habari ya mpira wa watoto. Msinicheke. Jambo hili lilituponza katika tawi letu, na baadaye likatufundisha, nami naona si vema tukae nalo peke yetu.

Kazi yangu ni kuandikisha wanachama na kutembelea matawi ya chama katika mashamba ya miwa huku Uganda. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa nikisimama getini alfajiri pamoja na wenzangu, tumejipanga mstari. Nyapara alipita mbele yetu na fimbo yake akionyesha: wewe, wewe, na wewe. Wenye vifua vipana walitoka kwanza. Jua lilipopanda kidogo tulibaki sisi wembamba, tunatazama chini, kila mmoja anajifanya ana shughuli na mshipi wa suruali yake. Aliyebaki alirudi nyumbani bila kazi, na siku hiyo hakukuwa na posho. Ninyi mliopita pale mnajua kwamba njaa ilikuwa nusu tu ya maumivu. Nusu ya pili ilikuwa kule kusimama ukitazamwa na kuachwa.

Sasa nendeni uwanja wowote wa kambi siku ya Jumapili, mtazame watoto wetu wanavyogawana timu. Vijana wawili wakubwa husimama katikati na kupokezana kuita majina. Hodari huitwa kwanza. Wadogo, wazito na wageni wa kambi hubaki mwisho, wakichora mchanga kwa kidole cha mguu. Yule wa mwisho kabisa haitwi hata kwa jina. Huambiwa tu, "Haya, mchukueni ninyi." Hakuna aliyewafundisha watoto mtindo huu, lakini ni mtindo ule ule wa getini.

Hata hivyo kosa kubwa katika tawi letu halikufanywa na watoto. Nililifanya mimi.

Mwaka 2017 tulitaka watoto wacheze mpira siku ya Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei. Kwa kuwa sikutaka taabu, nikasema kila kambi ilete timu yake. Kambi ya juu wanakaa wafanyakazi wa kudumu, wengi wao wa kiwandani. Ng'ambo ya mfereji wanakaa wakata miwa wa msimu, ambao wametoka West Nile, Kigezi, na wengine Rwanda na Burundi. Watoto wa juu walikuwa na viatu na mwalimu wa kuwafunza. Watoto wa chini walizoea mpira wa majani ya migomba. Mchezo uliisha mabao tisa kwa sifuri.

Baada ya bao la tano, watoto wa juu walianza kuimba, "Watoto wa msimu! Watoto wa msimu!" Jiwe likarushwa. Mtoto mmoja akapasuka kichwani, mama zao wakaingia uwanjani, na sikukuu yetu ikaishia pale.

Juma lililofuata tuliitisha mkutano wa kupanga madai ya mshahara. Kambi ya chini haikuja. Nilivuka mfereji kwenda kuuliza sababu. Mkata miwa mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, alinijibu kwa upole: "Ndugu, chama chenu kina timu yake. Na sisi tuna yetu." Sikuwa na jibu. Mwajiri hakuwa amefanya lolote kutugawa. Tulijigawa wenyewe, na karatasi iliyotugawa niliiandika kwa mkono wangu.

Ndipo nikaanza kuuliza watu wa mahali pengine wanafanyaje. Kumbe jambo hili limesumbua nchi nyingi, na watu wamelitafutia dawa mbalimbali.

Marekani kuna mashindano ya besiboli ya watoto yaitwayo Little League, yaliyoanza mwaka 1939 katika mji wa Williamsport. Kule desturi ni kwamba watoto hujaribiwa kwanza mbele ya walimu wa timu, kisha walimu huchagua kwa zamu. Hapo mtoto hasimami mstarini akiachwa mbele ya wenzake, maana wanaochagua ni watu wazima na wanachagua pembeni. Hii ni nafuu. Lakini wasichana walifungiwa mlango, mpaka mwaka 1974 baada ya mambo kufika mahakamani.

Mwaka 1964, katika mji wa Torrance, California, kilianzishwa chama cha mpira wa miguu wa watoto kiitwacho AYSO. Hiki kilikwenda mbele zaidi. Kanuni zake mbili ni rahisi kukumbuka: kila mtoto acheze, na timu ziwe na nguvu sawa. Kila mwaka timu huvunjwa na kupangwa upya, ili wenye nguvu wasijirundike mahali pamoja.

Norwei nao walitunga kanuni za michezo ya watoto mwaka 1987, na mwaka 2007 wakaongeza tamko la haki za watoto katika michezo. Kule mtoto hucheza mashindano ya kwao akiwa mdogo, lakini orodha za matokeo na msimamo wa ligi haziruhusiwi mpaka afike mwaka wake wa 11. Wanasema mtoto ajifunze kuupenda mchezo kwanza, hesabu zitamkuta mbele.

Hata jirani zetu wa Kenya wana la kutufundisha. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimekuwa kikizipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, mbali na pointi za mabao. Sisi hatukutaka kuwapa watoto wetu kazi, maana mashambani kazi zimejaa. Lakini tulichukua wazo lenyewe: kwamba watu wazima ndio wanaoamua kipi kihesabiwe.

Jambo moja lilinigusa kuliko yote. Mwaka 1985 mtafiti wa Kanada, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, waliandika juu ya vijana wanaocheza hoki ya barafuni. Walikuta kwamba katika ligi za juu za vijana, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Sababu si nyota wala baraka. Watoto walikuwa wakigawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari. Aliyezaliwa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, kwa hiyo anamzidi kimo na mbio. Watu huona ukubwa wake wakadhani ni kipaji. Huchaguliwa, hufunzwa zaidi, hucheza zaidi, na mwishowe kweli huwa hodari. Yule mdogo huachwa, na kwa kuachwa hubaki nyuma.

Ndugu zangu, si ndivyo ilivyokuwa getini? Aliyechaguliwa leo alikula jioni, kesho akaamka na nguvu, akachaguliwa tena. Aliyeachwa alilala njaa, kesho akaonekana mnyonge zaidi. Kisha nyapara alisema, "Mnaona? Nilijua huyu hafai."

Basi kwa sikukuu ya mwaka 2018 tulibadili mtindo. Naeleza namna tulivyofanya, ili tawi lolote litakalopenda lifanye vile vile.

Kwanza, tuliandikisha watoto wote kwa majina, kambi zote mbili, katika daftari moja. Tuliwatenga kwa umri, miaka 8 hadi 10 mbali, na 11 hadi 13 mbali, ili wadogo wasiumizwe. Hatukufuata darasa la shule, kwa sababu wapo waliorudia madarasa. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tuliwauliza mama zao.

Pili, tuliwatazama wakicheza Jumapili mbili bila kuwaambia tunatafuta nini. Katika kundi la wakubwa walikuwa 48. Tukawaandika katika mafungu matatu: wazoefu 12, wa kati 24, na wanaoanza 12. Orodha hiyo haikusomwa mbele ya mtoto yeyote.

Tatu, tuligawa timu nne kwa mwendo wa nyoka. Timu ya kwanza ikipewa mtoto hodari kuliko wote, katika mzunguko wa pili timu ya nne ndiyo inaanza, na ya kwanza inapewa mwisho. Hivyo kila timu ilipata wazoefu 3, wa kati 6, na wanaoanza 3. Kisha tulihakikisha kila timu ina watoto wa kambi zote mbili.

Nne, walimu wanne wa timu walizipanga orodha hizo pamoja bila kujua nani atapata ipi. Baadaye karatasi zilikunjwa zikatiwa kofiani, kila mmoja akatoa yake. Ninyi mnajua desturi ya kugawana nyama: anayekata mafungu hachagui wa kwanza. Ndipo anapokata sawasawa.

Tano, kila mtoto acheze. Uwanja wetu ni mdogo, wanaingia 8 kila upande, na mchezo una vipindi viwili. Hizo ni nafasi 16 kwa watoto 12. Kwa hiyo kila mtoto hucheza angalau kipindi kimoja, na wanne hucheza vyote viwili. Wanne hao hubadilishwa kila juma, na baada ya majuma matatu kila mmoja amekwisha kucheza mchezo mzima mara moja. Timu inayomwacha mtoto nje mchezo mzima hukatwa pointi moja.

Wasichana wadogo tuliwaingiza katika daftari lile lile. Wale wakubwa tuliwauliza wenyewe, wakasema wanataka timu zao. Tukazipanga kwa njia hiyo hiyo. Palikuwa pia na ndugu wawili wenye jozi moja ya viatu. Waliomba watiwe timu mbalimbali, ili mmoja avae saa tisa na mwingine saa kumi. Tukakubali.

Msidhani wote walifurahi. Baba mmoja wa kambi ya juu, mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuja kwangu na hasira. Mwanawe alikuwa mfungaji hodari. "Mnamfunga mtoto wangu kwenye mzigo wa wengine," alisema. Ofisa ustawi wa kampuni naye alitaka timu moja yenye nguvu ya kushindana na mashamba mengine. Maneno yao si ya kupuuzwa. Mtoto mwenye kipaji ana haki ya kukikuza. Tulikubaliana kwamba timu ya kuwakilisha shamba ichaguliwe mbali, kwa majaribio ya wazi na kutoka kambi zote. Lakini mchezo wa Jumapili ni wa watoto wote. Mambo haya mawili yakichanganywa, wanyonge ndio wanaolipa. Yule baba hakuridhika kabisa, lakini hakumtoa mwanawe.

Siku ya sikukuu, mchezo mmoja uliisha mabao mawili kwa mawili, wa pili bao moja kwa sifuri. Watu walibaki uwanjani mpaka mwisho, maana hakuna aliyejua nani atashinda. Mama wa kambi ya chini na mama wa kambi ya juu walisimama upande mmoja, kwa sababu watoto wao walivaa rangi moja. Hapakuwa na wimbo wa msimu, kwani wa kuimbiwa alikuwa ndani ya timu ya waimbaji.

Sitaki kuwadanganya kwamba mpira ndio uliojaza mkutano wetu wa madai mwaka ule. Tulivuka pia mfereji nyumba kwa nyumba tukaomba radhi, na dai la wakata miwa wa msimu tukaliweka la kwanza katika orodha. Lakini yule mkata miwa wa watoto wanne alikuja, akakaa mstari wa mbele, karibu na baba wa mfungaji. Watoto wao walikuwa timu moja. Walianza na habari za mabao, ndipo wakafika kwenye habari za kipande.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Lakini haki ya kucheza haitimii kwa kuwa na uwanja tu. Mtoto anaweza kukaa uwanjani miaka mitano na asicheze, ikiwa kila Jumapili anabaki wa mwisho.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayezoea kwamba wenye nguvu huchaguliwa na wanyonge huachwa, tutamwambia nini kesho atakapokuja kuchukua kadi ya chama? Atatuuliza umoja ni nini, kwa sababu hajauona. Na aliyewahi kumpasia mtoto wa ng'ambo ya mfereji hahitaji hotuba ndefu.

Kwa hiyo, makatibu wa matawi, kabla ya sikukuu ijayo tafuteni daftari moja, kalamu moja na kofia moja. Gharama yake ni ndogo kuliko jiwe moja lililorushwa kwetu.

Umoja ni nguvu.