Moyo haufanyi mtihani

Mjomba wangu alifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 30, na hadi leo vijana wa Ngao wapitao mbele ya boma lake humwamkia "Shikamoo, Mwalimu" hata kama hawakupata kuketi darasani mwake. Nilipokwenda nyumbani kwa likizo ya Desemba, nilimkuta chini ya mwembe, karatasi mkononi, uso umemshuka. Aliitikia salamu yangu kwa sauti ya chini, kisha akanikabidhi karatasi ile.

"Soma mwenyewe, mwanangu," akaniambia. "Miaka yote nimekuwa nikiwapa wenzangu alama. Leo nimepewa yangu. Hamsini na tano kwa mia."

Karatasi ilitoka katika hospitali moja ya mbali, alikokuwa amefunga safari kupitia Garsen ili moyo wake upimwe kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho madaktari hukiita eko. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza tangu juu hadi chini. Katikati palikuwa na herufi mbili, E na F, na mbele yake ile asilimia 55. Mjomba aliisoma kwa macho ya mwenye kalamu nyekundu. Ikiwa moyo umepata 55, alijisemea, basi karibu nusu yake imekwisha kufa. Tangu arejee alikuwa amewaita wanawe na kuanza kuwagawia miembe na shamba la mpunga. La kutisha zaidi, tembe za shinikizo la damu alizokuwa akimeza kila asubuhi kwa miaka kadhaa alikuwa ameziacha kwenye kopo. Ya nini kupoteza fedha kwa kitu kilichokwisha kufeli?

Kiswahili kina msemo wa kufa moyo. Mjomba alikuwa amekufa moyo, na kilichomuua moyo ni karatasi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari. Hata hivyo nilikuwa nimesoma mahali kwamba 55 katika kipimo hicho ni ya kawaida, nami nikamwambia hivyo papo hapo, kwa furaha ya mpwa aliyemwokoa mjomba wake. Naye akacheka, akaagiza chai, akasema: "Kumbe nimepasi! Basi hizo tembe sina haja nazo tena."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeondoa kosa moja na kulipanda jingine. Jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetunusuru. Aliichukua karatasi, akaisoma yote, kisha akamwuliza mjomba swali ambalo yeye mwenyewe aliwauliza wanafunzi wake maelfu ya mara: "Mwalimu, asilimia ya nini?"

Msomaji mpenzi, swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Moyo una vyumba vinne. Chumba cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu iende mwilini. Kwanza hujaa, kisha hujibana. Zile herufi mbili hutaja sehemu ya damu iliyokuwamo chumbani ambayo husukumwa nje katika pigo moja. Tuseme chumba kimejaa mililita 120, na pigo moja likatoa mililita 66. Gawanya 66 kwa 120, zidisha kwa 100, utapata 55. Ile 45 iliyosalia haikufa wala haikuoza. Ni damu inayobaki chumbani ikingoja pigo lijalo. Hakuna moyo mzima unaojimwaga wote kwa pigo moja. Kwa hiyo 100 si alama ya juu ambayo tunapaswa kuitamani, na hakuna binadamu aliyepata kuifikia.

Kwa kawaida, moyo wa mtu mzima husukuma baina ya asilimia 50 na 70 hivi. Baina ya 41 na 49 madaktari husema nguvu ya msukumo imepungua kidogo. 40 kwenda chini, imepungua. Aidha, kipimo chenyewe si mizani ya dhahabu. Mpimaji hutazama picha inayocheza na kukadiria mipaka ya chumba, na wapimaji wawili waweza kupishana kwa alama kadhaa, kama vile wasahihishaji wawili wa insha moja. Aliyepata 58 mwaka jana na 55 mwaka huu asikimbilie kuandika wasia.

Lakini muuguzi wetu hakuishia hapo. Alitia kidole kwenye mstari ambao mimi na mjomba hatukuujali: kuta za chumba kile zilikuwa zimenenepa. Moyo unaosukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa mwaka baada ya mwaka hujenga misuli, kama mkono wa mpiga kasia. Tofauti ni kwamba misuli ya moyo inaponenepa hukakamaa, na chumba chaweza kupungua nafasi. Chukua chumba kinachojaa mililita 80 tu na kusukuma 48. Asilimia yake ni 60, nzuri kuliko ile ya 66 katika 120. Ilhali damu inayofika mwilini ni kidogo zaidi. Kinyume chake, moyo uliotanuka na kulegea waweza kujaa mililita 200 na kusukuma 60. Kiasi hicho hakiko mbali na cha moyo mzima, ila asilimia ni 30, na moyo huo u taabani. Ndiyo maana ulimwenguni takriban nusu ya watu ambao moyo wao umeshindwa kukidhi haja za mwili wana asilimia isiyo na kasoro. Wanahema wakilala chali, miguu inawavimba, wanachoka kwa hatua chache, na karatasi yao inasema 60.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Kati ya 2007 na 2010, watafiti walifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, umri wa mtu ambaye bado analipa karo. Chanzo kilichoongoza, katika takriban asilimia 45 yao, kilikuwa shinikizo la damu, maradhi yayo hayo ambayo mjomba alikuwa ameamua kuacha kuyatibu, kwanza kwa kukata tamaa, kisha kwa furaha.

Sasa niseme lililo langu kama mtu wa lugha. Neno "asilimia" ni moja, lakini kila uwanja huliweka katika kiti chake. Shuleni hupima ujuzi, na mwisho wake ni 100. Katika benki hupima riba, na 20 yaweza kuwa mzigo. Hospitalini hupima sehemu ya kitu kilichokuwamo, na 55 yaweza kuwa salama. Msikilizaji hulifasiri neno kwa ule uwanja anaouishi. Mkulima, mwalimu na mwenye duka waweza kupewa karatasi moja na kurudi nyumbani na maradhi matatu tofauti. Vivyo hivyo tunapotafsiri kwamba "moyo umeshindwa", daktari ana maana kwamba moyo haukidhi haja ya mwili na wahitaji kusaidiwa. Anayesikia huelewa kwamba umesimama. Baina ya maana hizo mbili kuna watu wanaoacha dawa.

Sidai kwamba Kiswahili kimepungukiwa. "Sehemu ya damu inayosukumwa kwa kila pigo" ni maneno saba, hata mtoto wa darasa la sita huyaelewa. Kilichopungua ni desturi ya kuyatamka mbele ya mgonjwa, na desturi ya mgonjwa kuuliza. Sisi walimu tunahusika. Tunawafundisha watoto kutafuta asilimia ya machungwa yaliyooza kapuni hadi wakaweza kukokotoa usingizini, lakini mara chache tunawazoesha kuuliza asilimia hiyo ni ya nini, nani kaipima, na inataka nifanye nini. Mwanafunzi asomaye safu hii asingoje mtihani. Nyumbani mwao huenda mna karatasi kama ile, imekunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Aisome pamoja na wazee wake, aandike maswali matatu, kisha aandamane nao kwa daktari: Asilimia hii ni ya nini? Mistari mingine ya karatasi inasema nini kuhusu kuta, kujaa na vali za moyo? Dawa zipi niendelee nazo tangu leo? Asifanye kama nilivyofanya mimi, kutoa hukumu chini ya mwembe kwa kusoma tarakimu moja.

Mjomba alirudi kwa daktari wake juma lililofuata, akaanzishiwa tena tembe. Juzi alinipigia simu. Aliniambia kwamba ile karatasi ameipeleka shule ya jirani, akamwomba mwalimu wa hesabu wa darasa la nane kipindi kimoja. Aliandika ubaoni 66 juu ya 120, akawauliza watoto jibu. Wote walipata 55. Kisha akawauliza ni 55 ya nini, na darasa likanyamaza.

"Nikawaambia wakae kimya vivyo hivyo kwanza," alisema. "Mimi ningenyamaza hivyo Desemba, nisingeacha dawa."